Doa Chini ya Picha ya Baiskeli

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele zake na lile jicho lililokuwa linakutoa machozi limetulia. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na amenituma nikuambie kwamba ule mto uliomshonea ameufungia kabatini kwa kuogopa nitaukalia. Mimi mguu umeshaunga. Ndani ya nyumba natembelea mkongojo ili nihurumiwe, lakini nikitoka huwa nausahau mlangoni.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza jambo unanimalizia, tena unanimalizia vibaya. Halafu kuna kitu nimekiweka pamoja na barua hii, ile bahasha ya kaki yenye kadibodi ndani. Nakuomba usiifungue mpaka nikuambie. Nakufahamu, mkono umeshaanza kwenda. Urudishe.

Unakumbuka nilipoanguka kwenye ngazi nikifunga taa dukani kwa watu, daktari akanipiga marufuku kupanda hata kiti. Basi nikakaa nyumbani. Fundi umeme akikosa nyaya za kuchezea huwa mtu mbaya. Nilimpangia wifi yako sufuria kwa ukubwa, nikamwelekeza namna ya kukunja shuka, nikaanza kumsimamia akikata vitunguu. Siku moja akanawa mikono, akavaa viatu, akanishika kiwiko na kunipeleka maktaba. Alimwambia mkutubi kwamba anaomba nifundishwe chochote, mradi nisirudi kabla ya saa kumi.

Mkutubi ana darasa la watu wazima la kutengeneza kurasa za kumbukumbu kwenye kompyuta. Ni kama zile albamu tulizokuwa tukibandika kwa gundi, ila hapa hakuna gundi wala mkasi. Picha unaiingiza kwa skana, unaiweka juu ya karatasi ya maua isiyokuwa karatasi, unaizungushia utepe usiokuwa utepe, unaandika maneno yako, kisha unachapa. Nilicheka. Nikajiambia mtu mzima na mvi zake hawezi kukaa kubandika maua. Siku ile ya kwanza kipanya kilinishinda kabisa. Kikifika ukingoni mwa meza mimi nanyoosha mkono hewani kukifuata, karibu nimpige kikumbo mama aliyekaa jirani. Mkutubi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami unajua sikuzaliwa kushindwa. Nikajifunza matabaka. Ukurasa ni kama kitanda: chini godoro, juu yake shuka, juu ya shuka blanketi, na unaweza kuvuta blanketi bila kugusa shuka. Nikajifunza kukata mtu kutoka picha moja na kumhamishia nyingine. Nikajifunza kile wanachokiita muhuri, ambacho kinachota rangi mahali pasafi na kuipiga juu ya mahali penye doa, doa likapotea kama halikuwapo. Na nilichokipenda kuliko vyote ni vivuli. Ukiweka kifungo juu ya ukurasa kinalala tu bapa, lakini ukikitilia kivuli kidogo upande mmoja, kinainuka mpaka unataka kukidonoa kwa ukucha. Niliweka vifungo kila ukurasa. Wakanibandika jina la Baba Vifungo, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

Kila Jumamosi tunakutana kuonyeshana kazi. Yupo Mama Maua, muuguzi mstaafu, ambaye hata picha ya hospitali ataizungushia mawaridi. Yupo Dereva, aliyeendesha lori maisha yake yote na ambaye kurasa zake zote ni za paka wake mmoja. Tuna sheria yetu. Unaweka ukurasa wako ukutani kwa mashine ya mwanga, na pembeni yake unaweka picha ya asili kabla hujaigusa. Hapo hakuna ruhusa ya kusema hongera na kunyamaza. Kila mtu ataje kitu kimoja kilichompendeza, kisha aulize swali moja tu. Na mwenye ukurasa hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Fikiria, dada, mimi kukaa kimya. Wifi yako alipoisikia sheria hiyo alitaka kuileta nyumbani.

Sasa ndipo uliponipigia ile simu. Ulisema ulikuwa unaosha vyombo ukajaribu kumkumbuka mama, ukapata mikono yake, ukapata sauti, ukapata fundo la kitambaa chake cha kichwa, lakini uso ukakataa kuja. Ukalia. Wewe ambaye hukulia hata siku tulipomzika. Ukasema lile kopo la biskuti lenye picha za nyumbani, ulilonipa nilitunze, hutaki kuliona tena, maana ni kopo la familia isiyo na mama. Hata picha ya kitambulisho chake ililiwa na maji. Ukamlaumu baba kwamba miaka yote ile hakufikiria hata mara moja kuchukua kamera na kumgeuzia mkewe. Kisha ukafuta pua na kuniambia kwamba kama kweli nimekuwa fundi, basi nimtie mama kwenye picha ya baiskeli. Nami, kwa mdomo huu huu, nikakujibu kwamba hiyo ni kazi ndogo.

Kuhusu baba, dada, acha nimtetee kidogo. Kamera ile mama alipewa na mwenye studio alikokuwa akifagia, ilipochakaa. Mama alikuwa radhi kumpa mpita njia amshikie mtoto kuliko kumpa mtu kamera yake. Nilimwona baba akinyoosha mkono kuiomba, akachapwa kofi la kiganja. Hilo tuliache.

Picha ya baiskeli unaijua. Baba ameshika usukani wa baiskeli mpya, kaka amekaa kwenye bomba la mbele, mimi nimeng'ang'ania kengele mdomo wazi, na nyuma yetu ukuta wa nyumba. Wewe humo. Umetusimulia mara ngapi kwamba siku hiyo ulinuna kwa sababu baba alimpakia kaka badala yako, ukakataa kusimama nasi, na kwamba wewe na mama ndio mliosahauliwa siku ile. Kaka naye hakuacha kukutania kwamba Sungura alikimbilia shimoni. Maskini, nywele zako mama alizifunga mafungu mawili yakasimama juu kama masikio, na jina likakuganda.

Basi nikaingia kazini. Nilichukua picha ya binti yako, kwa kuwa wote tunasema ni bibi yake mtupu. Nikamkata, nikamvika kitambaa cha kichwa, nikampunguza rangi mpaka akafanana na picha ya zamani, nikamfumba mdomo kwa sababu meno yale ni ya babake. Nikamsimamisha kando ya baba. Akawa anaelea. Nikakumbuka vivuli. Sisi wote kwenye picha vivuli vyetu vimelala ukutani nyuma yetu, kwa hiyo naye nikampa chake ukutani, kikatulia. Ikabaki miguu. Pale chini, mbele ya baiskeli, palikuwa na doa jeusi kubwa lililotambaa kutoka ukingo wa picha, linaharibu mahali nilipotaka aweke viatu. Nikashika muhuri nikalifuta lote. Nilichota mchanga safi nikaupiga juu, mkupuo kwa mkupuo, mpaka hata mimi nikasahau lilikuwa wapi. Dada, ilikuwa kazi safi. Nilijipongeza kwa vifungo vinne, kimoja kila kona.

Jumamosi nikaupeleka ukutani kichwa kimevimba. Watu walishusha pumzi. Mkutubi alisifu kivuli cha ukutani. Mwingine akasifu kitambaa cha kichwa. Nikawa kama yule mgema aliyesifiwa, tembo langu limeshatiwa maji na mimi sijui. Kisha zamu ikamfikia Mama Maua. Alisema amependa kengele mkononi mwangu, halafu akauliza jua lilikuwa upande gani. Nilijua jibu, lakini sheria ni sheria, nikauma ulimi. Akafuata Dereva. Alitazama ukurasa wangu, akatazama picha ya asili pembeni, akarudi tena kwenye ukurasa. Alisema amependa baiskeli. Kisha akauliza, kwa upole kama anayeogopa kumwamsha mtoto, yule mtu aliyekuwa amesimama pale chini nimempeleka wapi.

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna mtu, ni doa. Sikuruhusiwa. Zilibaki zamu nyingine, na kila mtu alipokuwa akisema neno lake mimi nilikuwa nimekodolea macho ile picha ya asili. Vivuli vyetu vilikuwa nyuma yetu ukutani. Basi jua lilikuwa mbele yetu, mgongoni mwa mpiga picha. Na jua likikupiga mgongoni, kivuli chako kinakwenda wapi kama si mbele yako, kwa wale unaowapiga picha?

Doa lilikuwa na viwiko, dada. Viwiko viwili vimeinuliwa, vimepanuka pembeni, kama mtu ashikavyo kamera machoni. Na kichwani lilikuwa na fundo.

Zamu yangu ya kusema ilipofika nilisema neno moja tu, mama, mbele ya watu wote. Baba Vifungo mzima nalia maktaba. Mama Maua alinipa kitambaa, chenye mawaridi, na Dereva akatoka kwenda kuangalia kama mvua inakuja, wakati jua lilikuwa kali.

Nilikuwa nimemfuta mama ili nimweke mtu wa kumwigiza mama. Nakwambia bila kuficha kwa sababu uliniamini ukanipa kazi, na pia kwa sababu bila kosa lile nisingeona kitu. Ule ukurasa nimeuondoa kwenye kompyuta, na binti yako sitamwambia kwamba nilimfumba mdomo. Picha yenyewe ipo salama koponi, muhuri wangu haukuigusa.

Nilirudi nyumbani nikalimwaga kopo lote mezani. Yumo, dada. Si katika picha zote, kuna siku za mawingu, lakini popote palipo na jua la asubuhi au la jioni, yumo. Siku ya sare mpya za shule amelala juu ya majani, viwiko vyake nje. Kwenye ile ya baba na redio, kichwa chake kimefika mpaka kwenye viatu vya baba, kama anayetaka kuvifunga kamba. Miaka yote tulisema hizi ni picha za familia isiyo na mama, naye amesimama mbele yetu kila mara. Alikuwa anatuangalia.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike barua badala ya kupiga simu.

Niliiingiza upya picha ya baiskeli, safari hii nikaikuza sana, nikaanza kulisafisha lile doa nililokuwa nimelifuta. Nilitoa mikwaruzo na vumbi tu, taratibu, bila kuongeza kitu. Wifi yako alikuja na chai akasimama nyuma yangu. Akauliza mama yetu alikuwa na uvimbe gani nyonga ya kushoto. Nikamwambia ule ni mkoba. Akaniambia yeye hajawahi kuona mkoba wenye masikio.

Nilisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Kivuli cha mama hakikuwa peke yake. Ubavuni mwake, kimemganda, kuna kivuli kidogo, kifupi, kimekumbatia gauni lake kwa mikono miwili. Na kichwani kina mafungu mawili ya nywele yaliyosimama.

Hukukimbilia shimoni, dada. Ulikimbilia kwa mama. Ulinuna ukaenda kumshika gauni, naye akapiga picha hivyo hivyo, amekuacha umshike. Wewe uliyekuwa ukilalamika kwamba huna picha ya baiskeli, ndiye mtoto pekee wa nyumba ile mwenye picha na mama. Mimi sina. Kaka hana. Tumekaa tumetoa meno juu ya baiskeli, kumbe aliyebebwa ni wewe.

Uso sikuupata. Sitakudanganya, na sitajaribu tena kuutengeneza. Lakini ukiangalia namna alivyosimama, uzito wote mguu mmoja ili mwingine usikusukume, nadhani uso utakuja wenyewe siku moja ukiwa unaosha vyombo. Usiukimbize.

Haya, fungua bahasha sasa. Vaa ile miwani ya kusomea, si ile ya mapambo. Utaona nimeipanga picha upya: baiskeli na sisi tuko juu, tumefifia kidogo, na nyinyi wawili mko katikati, wakubwa. Hakuna maua. Hakuna kifungo hata kimoja, na mwenye kunijua ajue hiyo si kazi rahisi. Kivuli sikuongeza. Vilivyokuwapo vinatosha. Kundi zima limeuona ukurasa huo Jumamosi iliyopita, na zamu ya maswali ilipofika hakuna aliyekuwa na swali, ila Mama Maua, aliyeuliza kama dada yangu ameshaupata.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto wote, na binti yako mwambie mjomba wake anaomba picha nyingine, ya kucheka na meno yote nje. Kopo nitalileta mwenyewe mguu ukikubali safari, tukae chini tuzikague zote pamoja, maana mimi peke yangu naweza kuwa nimemkosa mama mahali. Ubaki na afya njema na usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeng'ang'ania kengele wakati wewe umemshika mama.