Mateke Kumi na Mawili ya Punda

Gurei, Juba
11 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Awien,

Nakusalimu kwa salamu zote ulizonifundisha, ya asubuhi, ya mchana na ya kuulizia mifugo. Sisi huku ni wazima, ila joto linatukaanga bila mafuta. Goti linasemaje? Kuku wanataga? Na macho je? Adhieu wa hapo kwako aliniambia sasa humtambui mtu mpaka aseme, na kwamba daktari amesema uoni uliopotea haurudi, na uliobaki huenda usifike Krismasi. Siku hiyo sikula.

Barua hii naipiga picha na kumtumia Adhieu akusomee. Adhieu, usiruke mistari, hata ile inayokusema.

Shangazi, unajua nauli na mimi hatujaonana siku nyingi. Basi nikasikia kuna mashindano ya roboti zinazopigana pale Nyakuron, na mshindi atapelekwa Nairobi. Kutoka Nairobi hadi kwako Eldoret ningefika hata kwa kutambaa. Nikaamua kuunda roboti.

Roboti yenyewe ni kama sinia lenye magurudumu. Mbele ina mkono wa chuma unaofyatuka kwa gesi na kumpindua adui. Gesi ni ileile inayotiwa kwenye soda ili itoe povu, nayo hukaa imeshindiliwa kwenye chupa ndogo. Tukamwita Punda, maana shukrani ya punda ni mateke.

Mwanzoni Punda alikuwa mpole kupita kiasi. Nikafyatua, mkono ukainuka polepole kama mgonjwa anayeomba maji. Nikataka kuongeza nguvu ya gesi. Jirani yangu Waiswa, Mganda anayetengeneza breki za hewa za malori, akanizuia. "Wewe hapana ongeza. Nguvu iko. Njia ndiyo kadogo." Akatoa mpira wangu mrefu mwembamba wa kupitishia gesi, akaweka mfupi mnene, kisha akafunga kitangi cha akiba karibu kabisa na pistoni inayousukuma mkono, ili gesi isianze safari kila mara tunapoihitaji.

Kwa jaribio la pili tuliweka sufuria ya Jovia, mke wa Waiswa, juu ya ule mkono. Sufuria ilipita juu ya paa letu na kutua kwenye paa la kanisa la jirani. Jovia alisema atatupikia siku sufuria itakaposhuka yenyewe. Tulikula mkate siku tatu.

Chupa moja hutoa mateke kumi na mawili tu, na chupa ilikuwa moja. Wanaoijaza ni wale wa mitungi ya kuzimia moto, nao Jumamosi hufunga saa sita mchana. Mashindano yalikuwa Jumamosi saa tisa, mapambano mawili tu. Nikapiga hesabu: mateke sita kwa kila pambano, na Eldoret hiyo hapo.

Sasa sikia balaa. Kabla ya kuanza, mchungaji aliombea roboti zote, kisha akaja kumtazama Punda. Nikafyatua mkono mara moja, kwa heshima, kama anasalimu. Mchungaji akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini nyuma yake alikuwa Mzee Mabior, na mimi ni mtoto wako, Shangazi, ningewezaje kusalimu mmoja na kumpita mwingine? Nikamsalimu. Nyuma yake wakaja wengine, kila mmoja na fimbo yake, wamepanga foleni kama ya chanjo. Waiswa alikuwa ananifinya. "Gesi inaisha, khalas, wambie Punda iko lala." Nikamwambia hakuna punda anayelala mbele ya wazee. Wa tisa alikuwa Mzee Marino. Tukabaki na mateke matatu.

Pambano la kwanza tulishinda kwa teke moja, naapa. Katika fainali tulikutana na Nyaluak, binti wa chuo, na roboti yake yenye msumeno. Teke la kwanza liliirusha roboti yake juu vizuri, ikatua kwa magurudumu. La pili, lile la mwisho kwenye chupa, likatoa pumzi tu. Mkono ukainuka taratibu, na wazee wote wakapiga makofi wakidhani Punda anamsalimu binti. Msumeno haukuitikia salamu. Nyaluak ndiye anayekwenda Nairobi.

Nilikaa nje nikalia, Shangazi, sikufichi. Mzee Marino akanikuta na kuniuliza ni mtu mzima gani analilia sinia. Nikamweleza habari ya macho yako. Kisha akasema lori lake la unga linarudi Eldoret tupu Alhamisi ya wiki ijayo, na nafasi mbele iko, mradi Punda asipande.

Wasalimie Adhieu, mjomba Aguer na watoto wote wa ploti. Waiswa anakusalimu, Jovia atasalimu atakapopata sufuria. Mungu akulinde, ayashike macho yako kwa mikono yake miwili. Nimenenepa, na nimeota ndevu ambazo hujawahi kuziona. Wasikusimulie sura yangu. Ningoje uione mwenyewe.

Mwanao uliyemlea na anayekupenda,
Aleer