Makoti Yamekuja, Mwakio Bado

Kenton, London

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, si shambani. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia? Sisi huku tuna mafua tu. Mjukuu wako Mghoi amenenepa, Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu anajibu Kizungu.

Mimi nimechoka, Mama. Asubuhi nasafisha ofisi kule Harrow, nikirudi namchukua mtoto kwa mwenye nyumba wetu, Mama Shah, Mhindi aliyezaliwa Kisumu.

Uliuliza mbona mume wangu Mwakio haji kutuona. Kikosi chake katika jeshi la Uingereza ni cha watu walioandikwa kutoka nchi za nje, na wamewekwa huko Asia kumlindia mfalme mmoja nchi yake. Sasa mkataba unakwisha, na wakubwa wa pande mbili wanazungumza. Mfalme akiwataka, watabaki huko bila familia. Asipowataka, wataletwa Uingereza nasi tupewe nyumba ya jeshi. Wengine wanasema kikosi kitavunjwa, kila mtu arudishwe kwao. Sisi wake hatuambiwi kitu, kwa hiyo tunaangalia mizigo. Wakigawiwa viatu vya msituni, tunajua wanabaki. Wakipimwa makoti ya baridi, wanakuja.

Basi Mwakio akaniambia kwenye simu wamepimwa makoti! Nilifurahi, nikaenda kununua kitanda kikubwa cha mtumba. Mama Shah alicheka mpaka akashika mlango.

"Wewe nunua kitanda mbele ya bwana kuja? Yeye kama hapana kuja, mimi nalaza paka yangu hapo!"

Jumapili Mwakio akapiga tena. Makoti yamefika, kumbe ni ya mazoezi ya milimani, wakimaliza wanayarudisha stoo.

"Koti si mkataba, Wakesho," akasema.

"Kwa hiyo mnabaki?"

"Hata mkubwa wetu hajui. Wao wanakunywa chai na watu wa mfalme, sisi tunang'arisha viatu."

Nikamweleza lile neno lako, kwamba shangazi Mshai anarudi Voi mwisho wa mwezi, nimpe Mghoi aje akae kwako mpaka mambo yajulikane. Nilidhani atasema mpe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko mimi. Kisha akauliza, "Hicho kitanda kina upana gani?"

Nikamwambia kinatutosha watatu, mmoja akilala ubavu.

"Mimi nitalala ubavu," akasema.

Mama, usinikasirikie. Najua ulishamwandalia mtoto chumba. Lakini shangazi akishuka stesheni atakuwa peke yake. Akija mwenzangu, nataka amkute binti yake hapa. Na kikosi kikivunjwa, tutakuja kwako sote, utuchoke.

Nisalimie Baba, mwambie apunguze ugoro. Msalimie bibi, na mdogo wangu Mwandoe akazane na masomo, asiwe kama mimi niliyeacha njiani. Mama mkwe nimemwandikia yake.

Ninapofunga barua hii Mghoi amelala usingizi wa mchana, katikati kabisa ya kitanda, mikono ameitanua huku na huku. Baba yake akija itabidi aombe nafasi.

Ni mimi binti yako ninayekuwaza,
Wakesho, mama Mghoi