Mipapai ya Kina Mama wa Kasokola

Happiness, miche imekufa. Yote! Mipapai mia tatu ya kina mama wa Kasokola!

Nilifunika kitalu kwa nailoni, nikakandamiza kingo kwa matofali ili kuku wa jirani wasiingie, nikaenda kanisani. Leo kulikuwa na kipaimara, tumetoka saa nane.

Nimefunua, mvuke ukanipiga usoni. Miche imelala kama mchicha uliochemshwa. Imeiva, Happy!

Na jana nikiwaonyesha kina mama namna ya kufunika, Mama Nyanzala aliniuliza, "Bwana shamba, hatuachi hata kitundu ipumue?" Nikamjibu, "Mama, niamini, nimesomea."

Niamini! Nilisema hivyo mimi!

Mashimo wameshachimba, samadi wameshaweka. Wanakuja kuchukua miche sasa hivi. Nawasikia barabarani na mabeseni yao, wanaimba.

Happy, wameweka jina langu kwenye wimbo.