Baba Ghalib na Karakana ya Ghulail

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Ijumaa, na chumba cha mbele bado kinanukia mbao.

Miaka kumi na moja ulifanya kazi Riyadh, seremala wa kufunga milango na makabati kwenye majengo ya mtaa wa Olaya, na sisi tuko Jeddah, hapa Ghulail. Mara moja kwa mwezi ulipanda basi kituo cha Batha ukaja kutuona. Ukiondoka, Mama hakulia mbele yetu. Alifua nguo, hata zilizokuwa safi.

Mwaka 2014 ulimwomba kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, akuache ufanyie kazi nyumbani. Akakubali, lakini akakwambia, "Mlango mmoja ukichelewa, unarudi Riyadh." Ulifika hapa unacheka kama bwana harusi.

Ulianza na chaki. Ukachora sakafuni meza ya kazi, mashine ya kukatia, pahala pa kuegeshea mbao. Kisha ukazunguka chumba na ubao wa mita tatu begani, kuona kama utageuka bila ya kugonga ukuta. Mama akauliza, "Na mtungi wangu wa gesi upite wapi?" Ukafuta, ukachora upya.

Wiki ya pili tu tangu uwashe mashine, mwenye nyumba akaja. Jirani wa juu, Samuel, kijana wa Kenya aliyekuwa mlinzi wa usiku, alikuwa amelalamika. "Siku saba," mwenye nyumba akasema. "Inyamaze, au itoke."

Tulidhani utagombana. Ulipanda juu ukabisha kwa Samuel.

"Mzee, mimi hulala mchana," alikwambia. "Hiyo mashine yako inakata kichwa yangu."

Ukamwomba ujilaze kitandani kwake, nami Hala nikaiwasha mashine huku chini. Uliteremka umenuna. "Zima, mwanangu. Ana haki."

Ukabomoa, ukaanza tena. Ulijenga ukuta wa pili ndani ya ukuta, katikati ukashindilia mazulia makuukuu. Mashine ukaikalisha juu ya vipande vya tairi. Siku yake ya mapumziko Samuel mwenyewe alikuja kukushikia mbao za dari.

Siku ya saba mwenye nyumba akasimama nje ya mlango wa karakana. "Haya, iwashe," akasema. Ukamfungulia. Mngurumo ulimrukia usoni, akaruka nyuma. Kumbe mashine ilikuwa inakata muda wote ule. Hakuamini. Akapanda kwa Samuel, akabisha, akabisha tena, mpaka Samuel akatoka amejifunga shuka.

"Nani tena? Leo ndio nilikuwa nimelala kabisa!"

Mwenye nyumba alicheka hata akashika ukuta. "Halas, yamekwisha, Ghalib. Kaa."

Ukakaa, Baba. Hukuchelewesha mlango hata mmoja. Na tangu siku ile mpaka ulipofariki, hukukosa kula chakula cha mchana na sisi, unga wa mbao umejaa kwenye nyusi, ukiusifu mchuzi wa Mama hata siku uliozidi chumvi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Wahida, wanao Hala na Hamad, wajukuu zako, na Samuel, aliyepiga simu kutoka kwao Kenya akisema jina lake lisikose.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Maisha yetu yote tutakukumbuka.