Karatasi ya Kichaa Siiandiki

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na hizi mvua? Hapo Ruhuwiko mmeshapalilia? Mimi huku Mwanza mzima wa afya, ila nina hasira, na leo utanivumilia.

Najua Baba Mkubwa amepita nyumbani kunishtaki. Sikia na ya kwangu. Alinipigia simu nimwandikie karatasi ya hospitali kwamba Mama Mdogo ni kichaa, apate kulichukua shamba la Namtumbo aliloachiwa na marehemu Baba Mdogo. Nikamwuliza, kichaa kwa lipi? "Analima huku anaongea na marehemu. Wewe si daktari wa vichaa? Andika, piga mhuri, tuma na basi." Hee! Mtu mwenyewe sijamwona, tena ni mama yangu!

Nikakataa. Ndipo akakiandikia barua chama chetu cha madaktari wa magonjwa ya akili, akiomba niamriwe kusaini. Si unajua yeye ni mwenyekiti wa ushirika wa tumbaku? Akadhani na kwetu ni hivyo hivyo, mwenyekiti akikohoa mwanachama anabeba mzigo.

Nilipoitwa nilidhani nimekwisha, sikufichi. Kumbe walitaka kunisikiliza tu. Wakamjibu kwa maandishi, nakala ninayo: daktari hamwandikii mtu ambaye hajamwona, wala ndugu yake mwenyewe, na mjane kuongea na marehemu wake si ushahidi wa kichaa. Kama kweli anamhurumia shemeji yake, watamtafutia daktari hapo Songea asiye na undugu naye, na Mama Mdogo mwenyewe aulizwe kwanza kama anataka. Kazi ya chama ndiyo hiyo, Mama. Kinatulinda, na kinatuzuia tusiigeuze mihuri yetu kuwa panga la kukatia mashamba ya watu.

Sasa unaniambia nimwangukie Baba Mkubwa, eti nimeudharau ukoo. Kwa heshima zote, Mama, simwangukii. Akitaka anipeleke na kwa paroko.

Msalimie dada Felista, aendelee kulala kwa Mama Mdogo, asimwache peke yake. Na baba yangu wa ubatizo, mzee Anjelo, mwambie yeye alikuwepo siku marehemu alipomkabidhi mkewe shamba lile, basi asinyamaze.

Likizo nakuja. Nitashika jembe kando ya Mama Mdogo, mchana kweupe, na mimi nitamwongelesha Baba Mdogo kwa sauti mpaka majirani watoke nje. Baba Mkubwa aje na karatasi mbili.

Ni mimi mwanao mbishi,
Skolastika