Boneti la Zaina

Jumamosi, Novemba 2013.

Mvua tangu asubuhi. Siyo theluji, siyo mvua, kitu cha katikati hapo, kinaingia mpaka kwenye soksi. Mwili umechoka. Roho ndiyo zaidi.

Blogu hii alinifungulia binti yangu Rehema, mama yake alipofariki. Alisema baba wewe huongei, basi andika. Shule niliishia darasa la nne. Makosa mtayaona, yapiteni.

Leo nimesema uongo kazini.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Niko kwenye yadi ya magari ya zamani, huku Downsview, Kanada. Magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini na sabini, injini kubwa, kelele nyingi. Wazee wa hapa wanayapenda kama watoto. Wananunua gari limeoza, wanalifufua. Wanatafuta milango, madigadi, maboneti. Na wanataka vilivyotoka kiwandani wakati ule, hawataki vya kuigiza. Vya kuigiza vipo tele, vinang'aa, bei rahisi. Vya kiwandani vimebaki vichache, bei yake haishikiki.

Mimi ndiye mwangaliaji. Nageuza kipande, naanzia chini, maana juu kila mtu anaweza kupaka rangi. Natazama zile nukta za kuchomelea zilivyokaa. Natazama ukingo ulivyokunjwa. Napitisha sumaku. Ikiteleza, hapo pana puti, wamezibia kutu, siyo bati. Nagonga kwa kidole, nasikiliza. Nanyanyua. Basi. Nilianza kunyoosha bodi za malori Tabora, bati nalijua.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Kwa hiyo tangu nimeanza nasema kwa Kiswahili tu. Kitu kikiwa cha kiwandani nasema "yenyewe." Kikiwa cha kuigiza nasema "siyo." Zamani bosi alikuwa anatafsiri. Siku hizi wateja wameshazoea. Mzungu katoka mbali huko, kashusha mlango kwenye pikapu, ananiuliza, "Rama, yenyewe?" Nikisema siyo, anapakia mlango wake anaondoka. Habishi.

Sijawahi kuwadanganya. Mpaka leo.

Boneti ni la Camaro ya mwaka sitini na tisa. Lile lenye mwinuko katikati, linavuta hewa kwa nyuma, karibu na kioo. Kijani kama chupa. Nililifungua mwenyewe kwenye gari lililooza shambani kwa mtu, mti umeota ndani. Gari likaenda kusagwa. Bosi akasema chukua boneti Rama, weka, siku moja litakufaa. Nikalileta hapa nyumbani Dixon, ghorofa ya kumi na moja, nikaliegemeza balkoni.

Zaina, mke wangu, akalitazama. Akanitazama mimi. Halafu akatafuta kreti za maziwa, akalilaza juu yake.

Meza.

Jiko letu watu wawili hawapishani. Na mke wangu alikuwa mpishi wa watu. Harusi, maulidi, msiba, simu inalia kwake. Pilau ikiiva analibeba lile sufuria kubwa, anatoka nalo balkoni, analitua kwenye boneti ipoe. Nilimwambia, Zaina, hiyo rangi ni ya kiwandani, unaiunguza. Akasema, "Na gari lake liko wapi?"



Kwa hiyo lina alama. Kuna duara kubwa la sufuria la pilau, limepauka. Kuna madogo ya maharage yamepandana. Pembeni ipo mikwaruzo ya miguu ya mbuzi ya kukunia nazi. Maji ya wali yalimwagika siku moja yakaacha mchirizi mpaka ukingoni. Kwa macho ya kazi yangu, hayo yote ni kasoro. Boneti lingekuwa halina hayo, lingekuwa kitu cha ajabu. Hata na hayo bado ni la kiwandani.

Zaina alifariki mwezi wa tatu. Presha. Alianguka kazini, kiwanda cha kuku. Siku ya msiba wake pilau ilikuja kwenye matrei ya foili, watu walijitahidi. Chumvi ilizidi. Nilikula.

Wiki hii wamebandika tangazo kwenye lifti. Wanatengeneza balkoni za jengo lote, saruji inamomonyoka. Kila mtu atoe vitu vyake, Jumatatu mafundi wanaingia.

Nikampigia Rehema. Mimi naongea Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndivyo tulivyo. Akasema uza. Akasema baba, hicho ni kipande cha gari, mama hayumo humo. Sikukasirika. Pale sebuleni pamejaa, na yadini kwa bosi siwezi kuliweka, kila kitu kikiingia yadini kinauzwa. Na bosi ana mteja, anatafuta boneti hilo hilo, ameshalitafuta sana. Nikasema haya.

Asubuhi nikalifuta vumbi, nikalisimamisha kwenye lifti. Mlango unataka kufunga, Mama Furaha huyo. Ni jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo wa Bukavu. Yeye na Zaina walikuwa wanachambua sombe, kisamvu chao, pale balkoni, wanacheka mpaka wa chini wanalalamika.

"Baba Rehema! Unapeleka wapi meza ya Mama Rehema?"

"Siyo meza, ni boneti la gari."

"Ya gari? Gari gani iko kwa etaji ya kumi na moja? Ile ilikuwaka meza."

"Naenda kuliuza, Mama Furaha. Balkoni inatengenezwa."

"Uuzishe. Halafu utakulaka wapi? Kwa magoti?"

Nikacheka kidogo. Yeye akacheka. Halafu akaweka kiganja kwenye lile duara kubwa, akakiacha pale mpaka lifti ikafika chini. Akatoka, hakuniaga.

Nje bosi ananisubiri na pikapu. Mzee Sadru ni Mhindi wa Dodoma, Ismailia, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Ametoka kule kijana lakini utani hajauacha.

"Wanyamwezi na mizigo! Mpaka Kanada mnabeba tu."

"Na Wahindi mpaka Kanada mnatusimamia tu."

"Nisaidie kubeba? Mgongo huu?"

"Wewe Mgogo wa kuchovya, utaweza nini."

Akacheka akakohoa. Tukalifunga kamba, tukalifunika turubai.  Njiani aliniuliza mara moja tu, "Una hakika, Rama?" Nikamwambia nina hakika.

Mteja tulimkuta kashafika, anatembea tembea kwenye mvua. Anaitwa Doug, katokea Barrie. Mtu mzima, mkubwa, mikono ina mafuta kwenye kucha kama yangu. Sikuwahi kumwona. Kasikia habari zangu kwa wengine.

Tukaliingiza boneti ndani ya gereji, tukaliweka juu ya farasi wa mbao, vile viunzi vya fundi. Doug hakuligusa kwanza. Alitoa simu akanionyesha picha. Gari, Camaro, nyekundu, mbele pametoboka, hakuna boneti, injini inaonekana. Nyuma ya gari kakaa mzee kwenye kiti cha magurudumu. Bosi akanitafsiria. Gari la baba yake. Baba yake alilinunua jipya, boneti liliibwa zamani, akafunga la kuigiza halikuwahi kukaa sawa, akalitoa akalitupa. Akasema afadhali wazi. Baba yake amekufa kiangazi hiki. Doug anataka gari likamilike kama lilivyotoka, ndiyo kazi iliyobaki.

Nikasema pole. Kwa Kiingereza hilo nalijua.

Halafu akaanza kulitazama. Akaliinamia, akapitisha kiganja kwenye mwinuko, taratibu, kama mtu anampapasa ng'ombe. Akafika kwenye duara la pilau. Akauliza hii ni nini.

Nikasema, "Sufuria."

Bosi akatafsiri. Doug akacheka, siyo kwa ubaya. Akasema haina shida. Atalipiga grinda lote mpaka chuma cheupe, halafu rangi nyekundu. Halitabaki hata doa.

Halitabaki hata doa.

Mimi nilijua hivyo. Kila boneti ninaloliuza linaenda kusuguliwa, ndiyo kazi, nimeiona mara ngapi sijui. Nililijua asubuhi nikilifuta vumbi. Lakini kulijua na kumwona mtu kasimama anaonyesha kwa mkono jinsi grinda itakavyopita, hapa, hapa, mpaka hapa. Mkono wake ukapita juu ya maharage, juu ya miguu ya mbuzi.

Akasimama wima. Akanitazama mimi, hakumtazama bosi.

"Rama. Yenyewe?"

Nikaligeuza, maana ndivyo ninavyofanya. Nikawasha tochi. Nukta zote zipo, zimekaa kama walivyoziacha kiwandani. Ukingo safi. Mpaka ile chaki aliyoandika mtu wa kiwandani bado inasomeka kwa chini. Sijaona boneti la kweli kuliko hilo. Nikagonga. Nikanyanyua upande mmoja, nikaushusha.

Nikasema, "Siyo."

Bosi alikuwa anafunga zipu ya koti. Mkono ukasimama pale pale.

Doug akauliza tena, "Siyo?"

"Siyo."

Angekuwa mbishi ningefurahi. Angewasha tochi yake mwenyewe, angeniuliza mbona chaki, mbona uzito. Hakuuliza. Alishusha mabega tu. Halafu akaja akanishika mkono, kwa mikono yake yote miwili, akaongea polepole ili nielewe. Akasema asante. Mwingine angemuuzia tu. Akasema ndiyo maana watu wanakuja kwangu.

Akaandika namba yake kwenye kipande cha boksi, akakibandika ukutani karibu na simu ya yadi. Nikiliona la kweli nimpigie, hata iwe lini.

Akaondoka.

Mimi na Mzee Sadru tukalirudisha boneti kwenye pikapu. Mvua imezidi. Akaendesha macho mbele tu kutoka Downsview mpaka Dixon. Nilifikiri labda kazi ndiyo imeisha. Tukafika chini ya jengo, hakuzima gari.

"Rama."

"Naam bosi."

"Mimi nilikuwepo siku unalifungua lile."

"Najua."

"Mti umeota ndani ya gari."

"Najua, bosi."

Akatazama wipa zinavyokwenda. Mke wake yeye yupo hai, Mama Nasim, nilimwona Eid na mandazi. Sijui bosi alikuwa anafikiria nini.

"Haya," akasema. "Shusha feki yako, mimi ninasikia baridi."

Sasa lipo sebuleni. Nimetoa sofa, nimeliweka kwenye korido, wenye jengo watalalamika. Nimepanga kreti zile zile, nimelilaza. Limejaza chumba. Kwenda dirishani napita upande upande.

Jioni nimepika ugali. Sufuria la moto mkononi, nikageuka nikitafuta pa kulitua, na boneti hili hapa mbele yangu, meza ya kweli. Mkono ukaanza kushuka wenyewe. Nikauzuia. Nikitua hapa nitaacha duara. Baada ya mwaka nitakuwa nalitazama sijui lipi la Zaina lipi langu. Mimi, mwangaliaji.

Nikaliweka sufuria sakafuni. Nimekula nimekaa chini.

Nilifikiri nikilirudisha nyumbani nitalia, au nitatulia. Hakuna. Nimekaa nalitazama, na kila nikilitazama namwona yule mtu. Kaja kutoka Barrie kwenye mvua hii. Amelishika boneti analolitafuta, ameliinamia, uso wake ulikuwa karibu hivi, na amerudi nyumbani anaamini bado hajaliona. Ataendelea kuzunguka na mvua na theluji. Akilipata lingine atalileta kwangu, nimwambie.

Na yeye kafiwa. Siyo mimi peke yangu niliyefiwa mji huu.

Zaina hakuwa mtu wa kunyima. Sufuria lake lilikuwa la watu wote. Lakini lile ni sufuria, nimempa Mama Furaha tayari, na nguo zimegawiwa, ndugu zake walichukua, ndiyo desturi, sikukataa hata kanga moja. Hiki ndicho kimebaki. Nadhani naruhusiwa kimoja. Au haruhusiwi mtu hata kimoja? Mwenye kujua aniambie.

Rehema atasoma hii. Mwanangu, usinipigie usiku huu. Sijauza. Kesho uje ule hapa, lete mkeka.

Jumatatu naingia kazini saa moja. Kile kipande cha boksi kiko ukutani, karibu na simu, namba kubwa kubwa hata mimi nazisoma. Nitakuwa nimesimama pale siku nzima.