Mkalimani Aliyeacha Kusema "Haye"

Mwalimu mpendwa, salaam alaikum. Naomba msaada wako kwani sina pengine pa kusemea. Mimi ni mkalimani mahakamani hapa Garissa, mzaliwa wa Bute, na naweza kukutajia ngamia wote wa marehemu baba pamoja na mama zao, lakini mwezi uliopita mzee Rage alisimama kumtetea mwanawe Awil, aliyekamatwa porini wakati wa marufuku ya kutembea bila kibali, akaeleza kwa Kisomali bila kupumua jinsi mvua ilivyokosa, ngamia jike alivyopotea, chifu alivyomruhusu kijana kumtafuta, na jinsi anavyowashukuru askari kwa kutompiga, nami nikatafsiri mvua, ngamia na shukrani, ruhusa ya chifu ikanitoka kabisa, nikaja kuikumbuka nyumbani nikinywa chai, na kijana amerudishwa ndani hadi kesi isikilizwe tena mwezi ujao. Zamani nilikuwa nikiitikia "haye", yaani nimekusikia, kila mzee anapomaliza jambo, kama ilivyo kwetu, lakini hakimu aliniuliza, "Kulow, wewe ni mkalimani au shahidi wake?" watu wakacheka, nikaacha. Jana mzee Rage alinishika mkono sokoni, akaniita kama mtoto wa nduguye, akasema, "Adeer, wewe ndiwe mdomo wangu mle ndani." Hajui. Nikisema nitafukuzwa, na watoto wanakula kwa kazi hii. Je, akili yangu imeharibika?

Kulow, Garissa, 1965

Kulow mwanangu, wa alaikum salaam. Akili yako ni nzima. Kibaya ni kunyamaza kwako, na hilo siwezi kulipamba.

Nilifundisha Wajir kabla ya vita hivi vilivyoleta marufuku, na siku za mapumziko nilikwenda visimani kutazama watu wakiteka maji. Unawakumbuka, mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, ndoo ya ngozi ikipanda mkono kwa mkono, wimbo ukiwapa mwendo. Hakuna aliyepokea ndoo ya pili kabla ya kuipitisha ya kwanza. Birika la kunyweshea kando ya kisima lilijaa, ngamia wakanywa, wala mtu hakuulizwa kibali. Nautamani wimbo ule hadi leo.

Akilini pia kuna mikono ya namna hiyo. Sehemu inayoshika jambo wakati linafanyiwa kazi ni ndogo, hubeba machache kwa muda mfupi, na jipya likija huyasukuma yaliyotangulia. Nawe ulikuwa ukisikiliza Kisomali huku ukitafuta Kiswahili, kazi mbili kwa mikono ile ile. Mara nyingi kinachodondoka ni cha katikati: cha kwanza umeshakirudia moyoni, cha mwisho bado kinalia masikioni. Ngamia wa baba yako wao wamo birikani, kwenye kumbukumbu ya kudumu. Waliingia kwa kurudiwa miaka mingi, kila jina limefungwa kwa jina la mama yake. Usililinganishe birika na mikono.

"Haye" yako haikuwa ushamba. Ilikuwa mkono unaopokea ndoo, ukauondoa kwa kuona haya.

Sasa nisikilize. Kesho, kabla ya hiyo chai, nenda kwa hakimu, mwambie neno lililobaki kinywani mwako, umwombe amwite chifu. Kisha mwendee mzee Rage mwenyewe, asisikie sokoni. Huenda ukafukuzwa, sikudanganyi. Lakini watoto wako wanakula, na mtoto wake yuko ndani kwa neno ulilonalo wewe.

Ukibakizwa kazini, mweleze hakimu kwamba utamsimamisha kila msemaji baada ya jambo moja. Wakicheka, wacheke. Mzee Rage akianza na mvua, itikia haye, uipitishe mvua. Akifika kwa chifu, itikia tena, kwa sauti, hakimu asikie.